Blogu yangu ya kanga inachukua sekunde 20 kufunguka, wenye hostingi wanasema nilipie paketi kubwa. Ni kweli au napigwa?

#1 BintiPindo

Habari zenu wakuu. Nina blogu ya kanga, niliianza 2017. Napiga picha kanga za zamani, naandika jina lake, na aliyenionyesha ananihadithia aliipataje, nani alimpa, aliivaa siku gani. Mpaka sasa posti 340. Iko WordPress (programu ya kuendesha blogu), domeni, yaani anwani, ni ya kwangu, hostingi, yaani pa kuiweka mtandaoni, ni ya kampuni moja ya hapa nchini ile ya kuchangia seva na wengine.

Sasa tangu mwezi wa tatu hivi ukurasa wa mbele unachukua sekunde 20, saa nyingine unagoma kabisa. Shangazi yangu yuko Pangani kanipigia ananiambia mwanangu ile blogu yako nikifungua kanga mbili tu natumiwa meseji kifurushi kimekwisha. Iliniuma sana kwa sababu hao ndio ninaowaandikia. Wasomaji wameshuka karibu nusu. Nimewapigia wenye hostingi jibu lao ni "umekua dada, hamia paketi kubwa", yaani kutoka elfu 90 kwa mwaka kwenda laki 3 na nusu.

Naomba mnisaidie, hii ni kweli? Na nyie mnaoendesha blogu zenu wenyewe mnatumia vitu gani vya kupimia, vya kupunguza picha, vya kutunza kazi isipotee? Hata kidogo kidogo nitashukuru.

#2 FundiSeva

Usilipe hata mia kwanza. Pima.

Ingia PageSpeed Insights ya Google, weka anwani ya blogu, soma upande wa SIMU, ule wa kompyuta achana nao kwa sasa. Kuna kitu kinaitwa LCP, ni muda mpaka kile kitu kikubwa kwenye skrini kionekane, Google wanataka kisizidi sekunde 2.5. Halafu ukae kwenye kompyuta, fungua blogu na Chrome, bonyeza F12, nenda Network, pakia ukurasa upya, chini kabisa utaona jumla ya uzito. Panga kwa ukubwa uone nani anakaa juu. Ukimaliza tuletee namba hapa, bila namba tutapiga ramli tu.

#3 MtuWaThika

Sasa dada. Mimi hata kabla ya namba naweka pesa kwa plagini, zile programu ndogo za kuongezea blogu. Uko nazo ngapi? Nilikuwa na 27, nikazima zote nikawasha moja moja, nikapata ile ya vitufe vya kushea Facebook ndio ilikuwa inakokota kila kitu. Kwa ground watu huweka plagini ya kila kitu, hata ya kuonyesha saa.

#4 MwanaUnguja

Mie nasema hostingi. Hizi za kuchangia wanapakia tovuti mia na zaidi kwenye seva moja, jirani yako akipata wageni wengi wewe ndo unakosa pumzi. Nshaona kwa macho yangu, blogu ile ile, themu (sura ya blogu) ile ile, nimeihamisha tu ikawa inafunguka vizuri. Kwa hiyo hao jamaa si waongo moja kwa moja, ila paketi yao kubwa huenda iko kwenye seva ile ile.

#5 BintiPindo

Asanteni kwa haraka. Nimefanya ya #2. Namba hizi hapa:

Alama za simu 11 kwa 100. LCP sekunde 19.4. Uzito wa ukurasa wa mbele megabaiti 46. Picha ziko 12, na ya kwanza kwenye foleni ni ile kanga ya "Japo sipati tamaa sikati", peke yake ina megabaiti 5.8. Zote mwisho wa jina zina .png. Plagini ninazo 31.

Megabaiti 46! Sasa namuelewa shangazi.

#6 FundiSeva

Nilijua. Mchawi ni picha. Megabaiti 46 hata kwenye faiba inachelewa, sembuse mtu wa Pangani mwenye kifurushi cha siku.

#7 MtuWaThika

> FundiSeva: Mchawi ni picha

Hapo nakusahihisha kidogo buda. WordPress tangu toleo la 5.3, mwaka 2019, ukipakia picha kubwa inaipunguza yenyewe isizidi pikseli 2560. Tena inatengeneza saizi kadhaa, na tangu 4.4 simu inachukua ile ndogo. Sasa hiyo ya 5.8 imepitia wapi? Lazima themu yake inalazimisha picha halisi, ama ile plagini ya kupanga kurasa kwa kuburuta. Turudi kwa plagini.

#8 FundiSeva

> MtuWaThika: Sasa hiyo ya 5.8 imepitia wapi?

Kweli kabisa kuhusu 5.3, lakini soma vizuri alichoandika dada, .png, yaani aina ya faili la picha. Ule upunguzaji wa 2560 ulipowekwa waliiacha PNG nje makusudi, maana ukipunguza PNG saa nyingine inatoka nzito kuliko ya mwanzo. JPG ndiyo inayoguswa. PNG inaingia ilivyo.

BintiPindo hizo picha unazitengenezea wapi? Simu haitoi PNG ukipiga picha ya kawaida.

#9 BintiPindo

Canva, ile programu ya kupamba picha. Naweka fremu na jina la blogu kwa chini halafu nashusha. Huwa nabonyeza tu lile linalokuja lenyewe, nadhani ni PNG kweli, sijawahi kubadilisha hata siku moja. Miaka yote hiyo!

#10 MamaShamba

Pole mdogo wangu, mimi nilikuwa hivyo hivyo na picha zangu za parachichi. Nikwambie ninavyofanya kwa simu tu, kompyuta sina.

Nafungua Squoosh kwenye brauza, ni bure. Picha haitoki kwenye simu yako, kazi yote inafanyikia humo humo, kwa hiyo hata bando haili. Napunguza upana uwe 1200, nachagua WebP, aina ya faili la picha nyepesi, ubora naweka 75. Picha ya shamba ya megabaiti 4 inatoka kilobaiti 140 na macho ya binadamu hayaoni tofauti. Picha moja dakika moja. Nikiwa na nyingi natumia TinyPNG, unazitupia kwa mkupuo.

Mimi niko Blogger, ile ya Google, na huko kuna kaujanja kengine. Ukiangalia anwani ya picha utaona kipande kama s1600, ukibadilisha kuwa s800 Google wenyewe wanakupa ndogo. Hugusi picha, unagusa namba tu.

#11 BintiPindo

Mama nimejaribu, uzito umeshuka ajabu, lakini jina la kanga limeharibika. Maandishi mekundu kwenye nyeusi pembeni yanakuwa kama yamelowa maji, yamevuja. Na kwenye kanga jina ndilo kila kitu, pindo na mji mtu anaweza kukisia lakini jina asipolisoma nimefanya kazi bure. Nimepandisha ubora mpaka 90 bado linavuja.

#12 FundiSeva

Hii nzuri sana, watu wengi hawaijui.

WebP ya kupoteza ubora inahifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi inaihifadhi kwa nusu tu, kwa upana na kwa urefu. Kwenye parachichi huoni. Kwenye herufi nyekundu juu ya nyeusi unaona mara moja, kwa sababu tofauti yote iko kwenye rangi, mwanga haubadiliki sana. Hata uweke ubora 100 haiondoki, ndivyo fomati ilivyo.

Kwa kanga fanya hivi. Humo humo Squoosh chagua MozJPEG (inatoa JPG) badala ya WebP, fungua mipangilio ya ndani, utakuta sehemu ya "chroma", toa tiki ya "auto subsample", kile kisanduku chake kiweke 1. Ubora 75 mpaka 80 unatosha. Itakuwa nzito kidogo kuliko WebP lakini herufi zitakaa.

#13 BintiPindo

Imekubali!! Kilobaiti 210 na jina linasomeka mpaka ile alama ya mshangao. Mungu akubariki.

#14 Kalamu Kavu

Nimesoma uzi wote nasubiri mtu aseme, sijamuona. Nyie mnakimbizana na uzito wakati dada kasema wasomaji wameshuka nusu. Nani kawaambia hivyo vitu viwili vinahusiana? PNG alikuwa nazo tangu 2017 na wasomaji walikuwepo.

Watu siku hizi wanaishi kwenye makundi ya WhatsApp na TikTok. Na anayetafuta Google, Google anamjibu juu kabisa kabla hajabonyeza kitu. Blogu yangu ya mashairi inafunguka chap kwa haraka, haina hata picha, na yenyewe imeshuka.

#15 MpembaWaMaskati

Na mie hapa Maskati intaneti haina tabu, blogu ya dada naifungua bila kusubiri sana, lakini ni kweli nlikuwa naisahau. Siku hizi sikumbuki kwenda blogu ya mtu mpaka anitumie linki. Zamani tulikuwa na Google Reader, unajiunga na blogu zako asubuhi unazikuta zote pamoja na chai. Walipoifunga Julai 2013 nlipoteza blogu kumi kwa siku moja.

Faraja ya moyo ni kuwa ile njia ya RSS, ya kuletewa posti mpya zenyewe, haikufa. Kwenye WordPress ongeza /feed mwisho wa anwani, kwenye Blogger ni /feeds/posts/default, unaibandika kwenye programu kama Feedly basi.

#16 FundiSeva

> Kalamu Kavu: Nani kawaambia hivyo vitu viwili vinahusiana?

Swali halali, na linapimika pia. BintiPindo ingia Google Search Console, inaonyesha blogu yako inavyoonekana Google, kama hujaiunganisha unganisha leo. Inatunza data za miezi 16. Linganisha miezi mitatu hii na ile ya mwaka jana. Kuna mistari miwili, mara ulizoonekana na mara ulizobonyezwa. Ukiona vyote vimeanguka, Google kakushusha. Ukiona kuonekana kuko pale pale ila kubonyezwa kumeshuka, hapo Kalamu ana hoja.

#17 BintiPindo

Nilikuwa nayo kumbe, niliiunganisha 2019 nikaisahau. Kuonekana kumepanda kidogo. Kubonyezwa kumeshuka kwa theluthi moja.

#18 Kalamu Kavu

Nimemaliza.

#19 MtuWaThika

Hujamaliza kitu hehe. Theluthi si nusu. Hiyo iliyobaki ni nani ameichukua? Hao ni wale walikuwa wanakuja moja kwa moja, kama shangazi, wakachoka kungoja.

#20 Kivu_Boy

Salamu kutoka Goma. Sisi huku tunanunua mega, na mega zinaisha haraka, kwa hiyo wengi wanatumia Opera Mini. Ile haikuletei ukurasa moja kwa moja, inapitia kwanza seva zao, wanaukandamiza, ndipo wanakutumia. Uzuri ni kwamba hata blogu ya megabaiti 46 inaingia. Ubaya, vitu vingi vya JavaScript, vile vinavyotembea na kubadilika kwenye ukurasa, havifanyi kazi. Nimefungua blogu ya dada na Opera Mini, ile sehemu ya juu ambako picha zinatembea naona nafasi nyeupe tu. Nilifikiri hakuna kitu nikataka kutoka. Toa hiyo, weka picha moja ya kusimama.

#21 BintiPindo

Kivu_Boy asante, hiyo nisingeijua maisha yangu yote. Naitoa usiku huu.

#22 Mzee wa Ziwa

Wanangu hamjambo. Nimesoma mambo ya uzito na kasi, ni mazuri, lakini nataka nimuulize huyu binti swali moja. Hiyo domeni iko kwa jina la nani? Na barua pepe iliyoandikwa pale ni ya nani?

Nauliza kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu, nilikuwa na blogu ya historia ya visiwa vya huku kwetu, nimeandika miaka sita. Kijana mmoja mwema kabisa alinisajilia, akaweka barua pepe yake. Akapata kazi mbali, ile barua pepe akaacha kuitumia. Taarifa za kulipia zilikuwa zinakwenda kule. Siku moja nafungua nakuta tovuti ya kamari, picha za wasichana na mipira. Wajukuu zangu ndio walionionyesha. Sikulala siku mbili.

#23 MamaShamba

Shikamoo mzee. Jamani, miaka sita! Na maandishi je?

#24 Mzee wa Ziwa

Marahaba. Maandishi niliyapata kiasi. Mtoto wa jirani alinionyesha web.archive.org, ile Wayback Machine ya Internet Archive, wanapita wanapiga nakala ya tovuti za dunia. Unaandika anwani yako ya zamani unaona kalenda, unachagua siku. Nilikaa miezi miwili nakopi moja moja. Posti 112 nimezipata kati ya 190 na kitu. Picha nyingi hazikuwepo, unaona kisanduku kitupu. Kulikuwa na picha ya mtumbwi wa babu yangu, hiyo haikurudi.

#25 FundiSeva

Pole sana mzee. Kwa faida ya wengine niseme jinsi .com inavyokwenda. Ikiisha muda haipotei siku hiyo hiyo. Kuna kipindi cha kwanza, kinategemea uliyemnunulia, kinaweza kufika siku 45, unalipa bei ya kawaida. Ikipita hapo kuna siku 30 za kukomboa, hapo unalipia faini kubwa. Halafu siku 5 za mwisho, hapo hata ulie haiwezekani, ikitoka inaingia sokoni na kuna watu wana programu zinazoidaka sekunde hiyo hiyo.

#26 MwanaUnguja

Ongeza kuwa .tz na .ke zina taratibu zake, si lazima ziwe siku hizo hizo. Muulize uliyemlipa, au angalia kwa msajili wenyewe, Kenya ni KeNIC. Usije ukakaa ukihesabu siku za .com kumbe yako ni .co.tz.

#27 BintiPindo

Mzee umenitia hofu nimekwenda kuangalia sasa hivi. Domeni iko kwa jina langu alhamdulillah, lakini barua pepe ni ile ya chuo niliyokuwa nayo 2017. Haifunguki tena. Nimewaandikia wabadilishe, wanataka nakala ya kitambulisho, nimetuma.

#28 Mzee wa Ziwa

Vizuri binti. Usilale mpaka wajibu.

#29 Kalamu Kavu

Tukiwa bado kwenye hofu, leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mnayo? Mimi 2018 zilipotoka zile kanuni za maudhui mtandaoni, ombi laki moja na leseni milioni moja, blogu yangu niliifunga miezi kadhaa. Mashairi yenyewe hayaniletei hata elfu kumi.

#30 FundiSeva

Zile za 2018 zilibadilishwa na za 2020, na hizo zikafanyiwa marekebisho 2022. Nani anatakiwa leseni na nani hatakiwi kumebadilika humo. Kila mtu asome zile zinazotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA wenyewe, asitegemee stori za 2018. Tusiuharibu uzi wa dada.

#31 MamaShamba

Na kuhusu kutoleta hela Kalamu, mimi AdSense, matangazo ya Google, nilijiunga. Hawakulipi mpaka ufikishe dola 100. Na ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri ili wajue unaishi unakosema. Yangu iliandikwa sanduku la posta la shule ya msingi, nimekaa miezi mitatu, nikaomba tena, ya pili ikafika imekunjwa kunjwa lakini namba inasomeka. Nililia pale posta. Kwa hiyo sanduku la posta liwe lile unalolifungua mwenyewe.

#32 BintiPindo

Wakuu narudi na taarifa. Nimemaliza picha za ukurasa wa mbele na posti 40 za karibuni. Picha zinazotembea nimezitoa. Plagini zimebaki 14, na ile ya vitufe vya Facebook na mimi nilikuwa nayo, MtuWaThika ulijuaje. Uzito umetoka megabaiti 46 mpaka 2.1.

LAKINI bado ukibonyeza kuna kama sekunde 4 skrini nyeupe tupu, hakuna kinachotokea, halafu vyote vinakuja kwa pamoja.

#33 MwanaUnguja

Hiyo ndo niliyosema tangu #4. Sekunde 4 za weupe ni seva kutojibu, picha hata hazijaanza kuitwa. Hostingi.

#34 MtuWaThika

Weka Cloudflare, ya bure. Wanampa msomaji nakala kutoka seva ya karibu naye, na wana seva Nairobi, Mombasa na hapo Dar. Unabadilisha tu zile nameseva kwa domeni, zinazosema anwani inaelekea wapi, siku moja umemaliza.

#35 FundiSeva

> MtuWaThika: Weka Cloudflare, ya bure

Itasaidia picha, hizi sekunde 4 hazitaondoka. Cloudflare ikiwekwa hivi hivi bila kuigusa inatunza picha na mafaili ya muundo tu. Ukurasa wenyewe bado inaufuata kwenye seva ya dada kila mara.

Kabla ya kulaumu hostingi angalia vitu viwili. Kwanza, cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi), sehemu ya kuchagua PHP, lugha inayoendesha WordPress, ni toleo gani? Pili una plagini ya kashe, ya kutunza ukurasa uliokwisha kupikwa? WordPress bila kashe kila mgeni akija inapika ukurasa upya kuanzia unga. WP Super Cache ni rahisi. Ukisikia watu wanasifia LiteSpeed Cache ujue ile kashe yake ya kurasa inataka seva yenyewe iwe LiteSpeed.

#36 BintiPindo

PHP 7.2. Kashe sina.

#37 FundiSeva

7.2 waliacha kuihudumia mwisho wa 2020! Hata mianya ya usalama hawazibi tena. Panda mpaka 8 na kitu, lakini piga bakapu (nakala ya akiba) kwanza maana themu ya zamani inaweza kugoma.

#38 Kivu_Boy

Hiyo themu uliipata wapi? Kama ni ya kulipia halafu mtu alikupa bure, angalia faili la functions.php ndani ya themu. Kulikuwa na kirusi WP-VCD, kilisambaa kupitia themu na plagini za wizi, kinaingia na kukaa humo. Kinafungua mlango wa nyuma, kinaweka linki za watu wengine, na seva inachoka kwa kazi ambayo si yako. Mimi kilinikaa miezi na sikujua.

#39 BintiPindo

Themu niliuziwa 2020, elfu 15, na kijana wa duka la kompyuta. Hakunipa risiti. Naangalia.

#40 MwanaUnguja

Au wala si kirusi, ni roboti. Kwenye cPanel kuna kumbukumbu za waliotembelea, fungua uone. Yangu nilikuta robo tatu si binadamu. Kuna wanaogonga wp-login.php usiku kucha wakibahatisha nywila, wengine wanagonga xmlrpc.php, mlango wa programu za nje, na hawa wapya wa kampuni za akili bandia wanaosomba maandishi, GPTBot na wenzake. Weka zuio kwenye robots.txt, faili la maagizo kwa roboti, na xmlrpc ifunge kabisa.

#41 MtuWaThika

Kufunga xmlrpc kabisa angalia usijikate mguu, plagini ya Jetpack inaitumia. Na robots.txt ni ombi tu, roboti mwenye adabu anasikia, mwizi hasomi. Nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili ni lazima, na jina la kuingilia lisiwe admin.

#42 BintiPindo

Kumbukumbu nimefungua. Jana peke yake wp-login imegongwa mara 6,212. Mimi niliingia mara mbili. functions.php sijui kuisoma, nimemtumia FundiSeva faragha. PHP sijagusa, nasubiri bakapu. Nimeenda Tools nikabonyeza Export, nimepata faili la XML la megabaiti 9, nimelitia kwenye flashi. Hapo niko salama?

#43 FundiSeva

Nimeliona faili. Kuna mistari sijaipenda lakini sina uhakika, nipe kesho. Hata kama ni kirusi, kuanza mwezi wa tatu wakati themu ni ya 2020 hakunijii akilini vizuri.

#44 MwanaUnguja

Kwa sababu mwezi wa tatu walikuhamishia kwenye seva iliyojaa. Waulize hilo swali tu.

#45 MamaShamba

BintiPindo hapana, hauko salama mdogo wangu! Lile faili la XML lina maandishi na ANWANI za picha, picha zenyewe hazimo. Ukienda kwingine ukaliingiza, linakwenda kuzichota kwenye blogu ya zamani, na kama ya zamani imekufa unapata visanduku vitupu kama vya mzee. Nilijua nilipojaribu kuhamia WordPress nikarudi Blogger.

#46 Kalamu Kavu

Si ana kanga zenyewe kabatini? Anapiga upya.

#47 BintiPindo

Kabatini kwangu ziko kama 60 tu. Zilizobaki ni za watu. Nilikuwa nakwenda nyumbani kwa mtu, bibi anafungua sanduku, anaitandika kitandani, napiga picha, anaikunja anairudisha. Bibi mmoja wa Muheza alinionyesha saba, mwaka juzi alifariki, na kanga zake waligawana wanawe na nyingine alizikwa nazo alivyousia. Siwezi kuzipiga tena.

#48 Mzee wa Ziwa

Binti, usiku huu huu.

#49 FundiSeva

cPanel, File Manager, public_html, wp-content. Humo kuna folda inaitwa uploads. Bonyeza kulia, Compress, chagua zip, ikimaliza ishushe. Halafu phpMyAdmin, chagua databesi yako, Export. Hizo mbili pamoja na ile XML ndizo blogu yako. Baada ya hapo weka plagini ya UpdraftPlus, ya bure inatosha, iwe inatuma nakala Google Drive kila wiki bila wewe kukumbuka. Themu isirudi kwenye bakapu mpaka nikujibu.

#50 BintiPindo

Zip imetoka gigabaiti 3.4. Nimenunua kifurushi cha usiku, kimeanza saa sita. Sasa ni asilimia 38. Imekatika mara moja nikaanza upya. Nakaa nayo.

#51 MpembaWaMaskati

Huku kwetu ni saa saba na mie siko usingizini, niko kwenye posti ya yule bibi wa Muheza. Ile ya tatu, yenye mikorosho kwenye mji, mama yangu alikuwa nayo Wete. Sikuwa nimeiona tangu nikiwa mdogo.

#52 BintiPindo

Asilimia 61. Niandikie jina mama yako alikuwa akiliitaje, naliongeza kwenye posti.